Kona ya Kulia Juu ya Bwlch

Benchi liko nje ya mkahawa wa Renato, mjini Treorchy, na kila Alhamisi saa tatu asubuhi baiskeli nne huegemezwa ukutani pale kabla wenyewe hawajauvaa mlima wa Bwlch. Alhamisi hii zilikuwa tatu. Wil Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukipata kitufe cha kumzima, alikaa katikati. Kulia kwake alikaa Glenys Ramani, aliyesambaza barua katika mabonde yote mawili ya Rhondda kwa miaka thelathini. Idwal Gia Moja, dereva wa basi mstaafu, alijibana kwenye ncha ya benchi, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yake na Wil. Hakuna aliyemwambia asogee. Nafasi ile ilikuwa ya Haydn Kimya, na Haydn walimzika siku tisa zilizopita.

Renato alitoa vikombe vitatu na sahani ya vikeki vya zabibu, akarudi ndani bila utani wake wa kila siku. Wil akaanza.

— Mimi bado haliniingii akilini. Miaka ishirini na sita tunafika pale juu penye njia panda, tunakata kushoto, tunashukia kijiji cha Nant-y-moel. Mvua, kushoto. Theluji, kushoto. Halafu siku moja mtu anapunga mkono, anakata kulia peke yake, anakwenda kufia Blaengwynfi!

— Kufa angekufa popote, Wil, alisema Glenys. Daktari kasema ni moyo.

— Moyo sawa. Nauliza barabara. Kwa nini ile barabara?

Idwal alikuwa akitazama kikombe chake. Swali hilohilo alikuwa akilala nalo na kuamka nalo, ila yeye alikuwa na kipande cha jibu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

— Upepo, Wil aliendelea. Kaona upepo wa kushoto mkali, akaukwepa.

— Upepo siku ile ulitoka magharibi, bwana, alisema Glenys. Kukata kulia ni kuukumbatia usoni. Mimi nilikuwa pale, au umesahau?

— Basi kichwa. Umri ule kichwa kinaweza kumwacha mtu njiani. Kafika njia panda, kasahau nyumbani ni wapi.

— Haydn? Asubuhi ileile aliushika mnyororo wangu, akaniambia, "Huu nilikufungia mwaka juzi, mwezi wa tatu, siku ya manyunyu." Mwezi wa tatu! Mimi mwenyewe sikumbuki.

Wil alimeza kikeki kizima, akafikiri kidogo. Kufikiri kwake hakukuwahi kuchukua muda.

— Handaki!

— Handaki gani tena?

— Lile la reli ya zamani, linalopita chini ya mlima kutoka upande wetu mpaka Blaengwynfi. Limezibwa tangu tukiwa vijana. Haydn alikuwa mchimba makaa, Glenys. Watu wa chini hawasahau mashimo. Nakuambia alikuwa anatafuta tundu la kuingilia, apite na baiskeli ndani ya mlima wakati sisi tunatoka jasho juu yake. Ndiyo maana alikuwa kimya vile! Mtu mwenye siri kubwa namna hiyo utamsikia wapi?

— We Wil, acha zako. Alikutwa makaburini, kakaa chini, mgongo ukutani, helmeti magotini. Handaki liko makaburini?

— Makaburini, eh. Wil alishusha sauti, akamwinamia Glenys. Basi ni mwanamke.

— Wil.

— Nasema tu! Mjane. Mjane anakwenda makaburini kuweka maua, Haydn naye anakwenda kumwekea nani maua? Mke wake Menna kazikwa hukuhuku. Kila Jumatatu tukimpigia simu hayupo, hujajiuliza? Ana nyumba ya pili upande ule, nakuapia. Ana viatu vyake mlangoni, ana kiti chake, labda hata mbwa. Na sisi hapa tunamwita Kimya, kumbe mwenzetu...

— Nyamaza!

Kikombe cha Idwal kilipiga benchi, kahawa ikamwagika mpaka kwenye nafasi ile iliyoachwa wazi. Glenys alitoa leso akaanza kuifuta haraka.

— Kaka, nini? aliuliza Wil.

— Aliniomba twende wote.

Basi lilipita barabarani likielekea Treherbert, na Idwal akangoja lipite, kama dereva anavyomngojea dereva mwenzake.

— Tulikuwa tunapanda, alisema. Ile kona ya tatu, kondoo wanapolala katikati ya lami. Nyinyi mlikuwa mmetangulia. Akaja ubavuni kwangu, akaniambia, "Idwal, leo njoo na mimi upande wa kulia. Si mbali." Mimi nikacheka. Nikamwambia kushuka kule ni raha, ila kurudi ni kuupanda mlima upya, na magoti yangu hayana habari hiyo. Akasema, "Sawa, kaka." Basi. Akakanyaga pedali, akanipita.

— Siku zote hizi hujatuambia? Wil aliuliza, na safari hii hakukuwa na redio sautini mwake.

— Nilibeba jeneza lake, Wil. Ulitaka niseme wapi, kanisani?

— Usingeweza kujua, alisema Glenys.

— Glenys, yule mtu hajawahi kuniomba hata pampu. Miaka ishirini na sita hajaniomba kitu. Siku anaomba, nampa kisingizio cha magoti.

Glenys alimshika mkono. Wakati huo ndipo gari dogo la kijani likaegeshwa ng'ambo ya barabara. Akatoka mwanamke wa makamo, amevaa buti za mpira na koti lenye tope mikononi, akazitazama baiskeli kwanza, kisha akawatazama wao.

— Samahani, wazee wangu. Natafuta watu wa baiskeli wa Haydn Probert.

— Ndio sisi, mama, alisema Glenys. Karibu.

— Naitwa Eirlys. Natunza makaburi ya kanisa la zamani kule Blaengwynfi. Ni mimi niliyemkuta.

Wil alisimama, akampisha. Eirlys hakukaa mahali pa Wil. Alikaa palipokuwa wazi, kwa kuwa hakujua, na Idwal akaona si vibaya.

— Alikufa akiwa na maumivu? Idwal aliuliza.

— Sidhani. Nilidhani amepumzika. Hata nilimsalimia. Eirlys alivuta pumzi. Haydn alikuwa anakuja kwetu kila Jumatatu, zaidi ya miaka ishirini sasa. Alikuwa anakuja na baiskeli, mkasi wa nyasi kaufunga nyuma. Kuna kaburi dogo kule kwenye kona, la mtoto mchanga. Ndilo alilokuwa analitunza.

— Mtoto wa nani? alisema Wil.

— Wake. Wake na mkewe. Walikuwa wanaishi upande ule walipooana, kabla ya kuhamia huku. Mtoto alizaliwa hana uhai. Zamani zile watoto kama hao hawakuandikwa kwenye kitabu cha kanisa, hawakuwekewa jiwe, mama hata hakuonyeshwa. Aliniambia mwenyewe siku moja mvua ilipotukimbiza sote chini ya mti. Hakurudia tena, na mimi sikuuliza.

Glenys alikuwa ameziba mdomo kwa leso ileile yenye kahawa. Wil alitazama viatu vyake, uso umemwiva mpaka masikioni.

— Mwaka huu akaniuliza kama jiwe linaweza kuwekwa sasa, Eirlys aliendelea. Nikamwambia linaweza, kuna mchongaji wetu anakuja Ijumaa. Akasema walikuwa na jina, yeye na Menna, walilichagua wenyewe, hawakuwahi kumwambia mtu. Akasema, "Alhamisi nitakuletea, nitakuja na rafiki yangu." Nilikuwa na shida ya mabomba nyumbani, nikachelewa. Mifukoni mwake sikukuta karatasi. Nadhani alitaka kulitamka.

Aliwatazama mmoja mmoja.

— Mchongaji kanisubiri, anarudi kesho. Alikuwa anawasema sana nyinyi, Alhamisi zenu, kahawa zenu. Nikajua wenyewe watajua. Mtoto alikuwa anaitwa nani?

Glenys alitikisa kichwa polepole. Idwal alihisi macho ya mwanamke yule yakimfikia yeye mwisho, yakakaa.

— Hatujui, mama, alisema.

— Hata herufi ya kwanza?

— Hata kama alikuwa na mtoto hatukujua. Idwal alimgeukia. Alikuwa wa kiume au wa kike?

— Hilo nalo, alisema Eirlys, nilitaka kuwauliza nyinyi.

Renato alitoka kuchukua vikombe, akaona nyuso zao, akarudi mikono mitupu. Mwishowe Idwal aliivaa helmeti yake, akaufunga mkanda chini ya kidevu, taratibu, kama mtu anayejipa muda.

— Andika majina yao, alisema. Mtoto wa Haydn na Menna. Angalau ajulikane ni wa nani. Na huyo mchongaji akifika kesho, sisi tutakuwa tumeshafika. Tutapandia huku, tukate kulia.

— Magoti yako, kaka? aliuliza Wil kwa upole.

— Yatakuja tu.

Eirlys alitoa penseli kwenye koti, akaandika nyuma ya bahasha, akainua kichwa.

— Menna ni kwa n moja au mbili?

— Mbili, alisema Glenys, aliyewapelekea barua miaka yote ile. N mbili.