Mama Mivukuto na Kitufe Chenye Sauti Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya ala za muziki ya chuo chetu, Mama Mivukuto anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Jina lake halisi liko kwenye faili, lakini hili letu ndilo analoliitikia haraka zaidi.

Alianza kwa kuwamba ngoma. Mwaka wa tatu alihamishiwa meza ya ala zinazopumua kwa mvukuto, na huko ndiko alikonoga. Alitega sikio kwenye mvukuto na kuonyesha tundu kwa kidole kabla sisi hatujapata miwani yetu. Ndani ya kodiani moja alikuta vibanio viwili vya nywele na meno ya bandia. Mwenye meno alikuja kuyachukua, akidai alikuwa anapita tu.

Ila kisa chenyewe ni cha bandoneoni. Muuguzi mmoja aliyefiwa na baba yake alikizawadia chuo kisanduku cha mraba chenye mvukuto katikati na vitufe pande zote mbili. Naibu mkuu wa chuo alikijaribu, akaandika kwenye lebo: "Kodiani mbovu. Ing'olewe vipuri." Alikuwa na sababu: kitufe kilekile kilitoa sauti moja ukivuta, nyingine ukisukuma. Mimi, fundi wa piano, nilikubaliana naye, na bisibisi nilikuwa nimeshaishika.

"Weka chini kwanza, mwanangu," Mama akaniambia. "Hii haijakosea. Sisi ndio hatuijui."

Kwa siku tatu alichora kila kitufe kwenye daftari, kisha akatuita. Kodiani, alisema, huning'inia mabegani, na mkono wa kushoto ukibonyeza kitufe kimoja hupata sauti kadhaa zilizokwisha kupangwa. Hii hukaa magotini, na mpigaji huzipanga mwenyewe, kidole kwa kidole. Konsatina ni binamu yake mdogo, wa kuenea viganjani. Na zile sauti mbili za kila kitufe alikuwa amezipima zote.

"Vitufe sabini na kimoja, sauti mia moja arobaini na mbili, zote ziko sawa," alisema. "Hilo ni kosa gani?"

Naibu hakuridhika. Aliagiza kila kitufe kirekebishwe kitoe sauti moja. Mama alikataa kwa maandishi, akaomba wiki moja, akamwita muuguzi.

Muuguzi alifika na sare yake ya kazi, akaketi kwenye stuli, akasema anajua wimbo mmoja tu, ule alioupiga baba yake jikoni akingoja maji yachemke. Akaupiga. Fundi wa ngoma alisimama na brashi ya gundi hadi ikamgandia. Naibu aliomba urudiwe, ukarudiwa tena, na mara ya tatu alikuwa akicheza na mtunza stoo katikati ya vumbi la mbao. Lebo aliichana mwenyewe.

Tangu hapo Mama ametengeneza bandoneoni kumi na tisa na kufundisha mafundi wanne, mimi nikiwemo.

Mumewe alitumaini sasa atatulia nyumbani. Jumatatu, hata hivyo, ataingia kwa lango la mbele kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, darasa la bandoneoni. Mjukuu wake, wa mwaka wa pili, ameshamsihi asimwite "kichuna wangu" mbele ya wenzake. Mama hajaahidi.

Mama, asante kwa kila kitu. Tunakuombea afya, vidole vyepesi, na miaka mingi ya raha.