Bi. Kwanini wa Laini ya Tatu

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 3 Novemba 1956, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa seremala na mkunga. Mama yake alipenda kusimulia kwamba kichanga huyo alianza kulia kabla hata hajakatwa kitovu, mpaka mkunga mwenzake akauliza, "Huyu naye ana malalamiko gani, na ndiyo kwanza anafika?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974. Alikuwa kiranja wa usafi. Wenzake walimpenda sana, isipokuwa siku za ukaguzi wa kucha.

Jumatatu ya tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare za shule na hospitali, akawekwa kwenye cherehani ya kutoboa matundu ya vifungo. Alikaa kwenye mashine hiyo miaka saba. Ni wakati huo saa yake ya mkononi iliposimama, akaipeleka kwa fundi saa mwenye kibanda mkabala na lango la kiwanda. Fundi aliitengeneza siku ileile, lakini alimwambia arudi kesho. Kesho yake akamwambia arudi tena. Siku ya tano marehemu akamuuliza, "Fundi, hii saa ni mbovu au wewe ndiye mbovu?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Juni 1981, na Mungu akawajalia mabinti wawili.

Mwaka 1983 alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa laini ya tatu, yenye washonaji thelathini na wawili. Alisimamia kama alivyosimamiwa yeye: sauti ya juu, kalamu nyekundu, na macho mgongoni mwa watu. Mwezi wake wa pili katika cheo hicho, mshona mifuko ya sare mmoja, mama wa makamo, alichelewa siku nne mfululizo. Marehemu alimfokea mbele ya laini nzima, akamrudisha nyumbani. Yule mama alikunja aproni yake taratibu, akaiweka juu ya mashine, akaondoka. Hakurudi. Wiki mbili baadaye marehemu alisikia kwamba mume wa mama huyo alikuwa ameanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akilijenga, na kila asubuhi mkewe alikuwa akisubiri mlango wa wodi ufunguliwe ili amlishe. Marehemu alikwenda nyumbani kwao akakuta chumba kina wapangaji wengine.

Siku hiyo alirudi kwake na kukaa karibu na meza ya mumewe. Fundi saa naye hakuinua kichwa, kwa kuwa alikuwa na springi ndogo ya saa kwenye ncha ya koleo.

"Nilidhani mtu asiposukumwa haendi," marehemu alisema.

"Mama, saa nyingi ninazoletewa zimesimama si kwamba hazikutiwa ufunguo," mumewe alijibu. "Zina vumbi ndani. Nami siwezi kuliona mpaka nizifungue."

Kuanzia hapo hakumkaripia mfanyakazi yeyote kabla ya kuvuta kiti, kukaa naye uso kwa uso na kumuuliza, "Kwa nini?" Kisha alinyamaza mpaka ajibiwe. Ndipo wakambandika jina la Bi. Kwanini, naye akalipenda kuliko cheo chake. Marehemu aliendelea kumuulizia yule mshona mifuko miaka yote, sokoni, hospitalini, kwenye misiba ya watu. Hakumpata. Mumewe anasema hilo ndilo lililokuwa likimtoa machozi hata uzeeni.

Kati ya mwaka 1985 na 1986 alisoma jioni cheti cha uongozi wa wafanyakazi. Huko alifundishwa kwamba wapo wataalamu wanaosema binadamu kwa asili anakwepa kazi, hivyo achungwe kwa zawadi na adhabu. Na wapo wanaosema binadamu anaipenda kazi akiheshimiwa na kuaminiwa. Kwenye mtihani waliulizwa upande upi uko sahihi. Marehemu aliandika kwamba angewajibu wataalamu wa pande zote mbili wakishakaa wiki moja kwenye mashine ya matundu ya vifungo. Alipata alama za chini kabisa darasani, na mwalimu akaiomba karatasi ile aende nayo kwake.

Hakuacha kujaribu elimu yake nyumbani. Mabinti walipoanza shule, alibandika jikoni karatasi ya "Mfanyakazi Bora wa Mwezi". Baba alishinda miezi mitatu mfululizo, mabinti wakagoma. "Baba anaosha vyombo mama akiwepo tu!" binti mkubwa alilalamika. Marehemu alivuta kiti, akamgeukia mumewe, "Kwa nini?" Karatasi ilibanduliwa jioni hiyohiyo.

Mwaka 1991 kiwanda kilipata meneja mpya, aliyetundika ukutani ubao mwekundu. Kila Ijumaa yaliandikwa hapo majina ya watu watano waliokuwa wazito wa kazi kuliko wote. Washonaji wakaanza kufichiana nyuzi na mikasi. Aliyekwama hakusaidiwa tena na jirani yake. Mshona kola, mwanamke aliyekuwa hodari kuliko wote kwenye laini ya tatu, aliandikwa wiki tatu mfululizo. Meneja akamwagiza marehemu aandike barua ya kumwachisha kazi.

Marehemu hakuandika. Alikaa kando ya mshona kola kutwa nzima, akamwona akisogeza kitambaa mpaka karibu na pua.

"Macho, dada?"

"Usiseme, mama. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Wakijua nimekwisha."

"Nisiposema ndipo utakapokwisha."

Alimweleza meneja kwamba mtoto wa jicho hutibika, na kwamba mwanamke huyo angeweza kukunja na kufunga sare mpaka apone. Meneja alimjibu kuwa kiwanda si zahanati. Ijumaa iliyofuata, mbele ya watu wote, marehemu alipanda juu ya kiti, akautungua ule ubao, akaupeleka ofisini kwa meneja na kuuegemeza mezani. "Huu umetushonea chuki tu, bosi," alimwambia.

Mshona kola aliponea chupuchupu, kwani laini nzima ilisimama mpaka akapewa likizo ya matibabu. Marehemu ndiye aliyelipia ushujaa huo: alivuliwa usimamizi na kupelekwa stoo ya mabaki ya vitambaa, chumba kisicho na dirisha, peke yake. Alikaa humo miaka mitatu. Mumewe, aliyekuwa akimpelekea chakula cha mchana, siku moja alimkuta ameegemeza kiganja ukutani.

"Unasikiliza nini?"

"Laini ya tatu. Wamesimama." Akasubiri. "Uzi umekatika, au kuna mtu analia. Ningekuwa pale ningejua."

Mwaka 1994 hospitali zilianza kurudisha sare zilizofumuka mishono, na meneja akahamishwa. Mkurugenzi aliteremka mwenyewe mpaka stoo kumwomba marehemu arudi. Alikubali kwa sharti moja: kila Jumatatu mashine zizimwe robo saa, kila mtu aseme kinachomkwamisha, na msimamizi asijibu bali aandike tu. Robo saa hiyo ilidumu mpaka alipostaafu, Novemba 2016.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2019, na mashine zikauzwa. Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hakuomba mengi, ila Februari mwaka huu aliomba apelekwe kiwandani. Mlinzi aliwafungulia. Mumewe alimsukuma kwa kiti cha magurudumu ndani ya ukumbi mtupu, penye alama za miguu ya mashine sakafuni. Marehemu akawa ananyoosha kidole: "Hapa mikono. Hapa mapindo. Huyu wa hapa alikuwa akiimba vibaya, Fundi, vibaya mno. Laiti ningemsikia tena." Walikaa humo karibu saa nzima.

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, alifariki dunia hospitalini akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Mdogo wake alipokwenda kukusanya habari za wasifu huu, alimuuliza fundi saa kama kuna neno angependa liongezwe. Mzee alijibu:

"Shemeji, andika kwamba nyumba ina vyumba vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoniita."

Marehemu ameacha mume; mabinti wawili, mmoja muuguzi na mwingine fundi umeme; mkwe mmoja, wajukuu wanne, kaka mmoja, wadogo watatu, na washonaji wa laini ya tatu, ambao leo wameomba kubeba jeneza wao wenyewe.

Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani.