Siku Tuliyofunga Uzio

Duka la ushirika la kijiji cha Okunosawa lina mwaka wa sita tangu lifungwe, lakini mashine ya kuuza kahawa ya makopo imebaki pale ukutani, na mbele yake kuna benchi la ubao mmoja ambalo wazee hawaliachi. Asubuhi ile ya mwezi wa sita Bi Kinuyo alifika na buti zenye tope na mundu kiunoni, wala hakukaa. Ana miaka sabini na sita, na usiku kulungu walikuwa wameingia jarubani kwake kwa mara ya pili msimu huu wakala miche ya mpunga hadi usawa wa maji.

— Nimebakiwa na trei nane za miche, alisema. Napanda kesho. Na hizo zikiliwa, basi, naacha shamba naenda kwa mwanangu mjini Nagoya. Kitanda keshaninunulia.

— Tatizo ni majike, alisema Tokuji, ambaye kijiji kizima kinamwita Risasi kwa sababu ndiye mwindaji wa mwisho mwenye kibali cha bunduki. Watu wanakimbilia madume, wapate pembe za kutundika ukutani. Dume mmoja anatosha majike kumi. Ua madume tisa, mwakani idadi ni ile ile. Piga majike.

— Mwaka huu umepiga majike wangapi?

— Magoti yananisumbua, dada.

— Nimeuliza majike, sijauliza magoti.

Genzo akacheka hadi kahawa ikampalia. Huyu alikuwa tarishi wa posta, na tangu astaafu wanamwita Redio.

— Risasi, kulungu wanakujua, bwana. Ukiwasha tu kile kigari chako, wanaambiana. Azima gari la mkeo.

— Mke wangu haniazimi.

— Basi tuleteni mavi ya simba. Kuna bustani ya wanyama huko mjini wanayagawa bure. Unamwaga kandokando ya jaruba, kulungu akinusa, mbio.

— Kulungu wa hapa kamwona simba wapi?

— Damu inakumbuka.

— Genzo, ule mchele tunaula sisi, alisema Bi Kinuyo.

Alitazama jua. Trei zake zilikuwa uani na maji yake yalikuwa yanapata moto, naye amesimama hapa anasikiliza habari za mavi.

— Haya, mbwamwitu, alisema Redio. Babu zetu walikuwa nao milimani wakawamaliza. Tuagize wawili tu, dume na jike.

— Wakishamaliza kulungu watakula nini? aliuliza Risasi.

Redio akawaangalia mmoja mmoja.

— Nyie wagumu. Hawatawaweza.

Shigeo, mwenyekiti wa kijiji, hakucheka. Uzio wa kuzuia kulungu, unaozunguka mashamba yote, ulikuwa kazi yake, na kila kulungu anayeonekana shambani anamuudhi yeye binafsi.

— Uzio wetu mzima, alisema. Kilomita nne, mita mbili kwenda juu. Juzi nimeuzunguka wote kwa miguu. Hakuna tundu.

— Basi wanapandana mabegani, alisema Redio. Wa juu anafungua lango.

Hapo mama mmoja wa makamo alikuwa anajaza makopo kwenye mashine. Dereva wa kampuni ya kahawa, mgeni kwenye njia hii.

— Samahani, wazee wangu. Kile kichaka cha mianzi katikati ya mashamba ni cha nani?

— Cha ukoo wa Hayami, alijibu Mwenyekiti. Mzee alifariki, watoto wametawanyika, hatujui hata waliko. Shamba la mtu huliingii bila ruhusa. Siku ya kufunga uzio hatukuligusa, tulilizungushia tu pamoja na yetu.

— Na siku hiyo nani aliingia humo kuangalia kama hakuna kulungu?

Risasi akatazama magoti yake.

Bi Kinuyo aliona aibu ikimpanda usoni. Siku ile alikuwa amewabebea wafanyakazi matonge ya wali, akapita ukingoni mwa mianzi, akasikia vijiti vikivunjika ndani. Akageuza uso kwa adabu, akidhani mwanamume fulani kaenda haja. Kumbe walikuwa kulungu, wakafungiwa ndani ya uzio, na miaka mitatu sasa anawalisha.

— Barua ya kuomba ruhusa niliandika, kwa anwani yao ya zamani, alisema Mwenyekiti. Tusubiri majibu.

— Uliandika lini?

— Mwaka juzi.

Bi Kinuyo akachomoa mundu.

— Risasi, nenda kafungue lango la juu, ukae kando yake na bunduki yako. Majike umewataka mwenyewe. Genzo, chukua makopo matupu, ukapige kelele upande wa chini.

— Bi Kinuyo, lile si shamba lako, alisema Mwenyekiti.

— Na Nagoya si kwangu.

Akavuka mfereji. Nyuma yake alisikia Risasi akiguna, anajinyanyua kwenye benchi. Ukingoni mwa mianzi aliinamisha kichwa, akamwomba radhi marehemu Hayami, kisha akakata mwanzi wa kwanza. Ndani, vijiti vikavunjika. Safari hii hakugeuza uso.