Georgette M'Zagabe, aliyekaa nyuma kwa pointi moja

Baba yetu mpendwa, shemeji yangu Modeste, watoto, Padri wetu, majirani wa Kadutu, wafanyakazi wenzake, nanyi nyote mliokuja huku mvua ya Novemba ikiwanyeshea, mimi ni Venant Zagabe, kaka ya marehemu, mwalimu wa hesabu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na nawaomba radhi mapema, kwa maana katika karatasi hii kuna jambo moja ambalo hata familia iliyonituma hailijui.

Georgette M'Zagabe alizaliwa Kalehe siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili wa Papa Philémon Zagabe, aliyekuwa karani wa eneo, na wa marehemu Maman Anne-Marie, mimi nikiwa nimemtangulia kwa miezi kumi na saba. Mama alipenda kusimulia kwamba Georgette, akiwa na miaka minne, alisimama nyumbani na kurudia mahubiri yote ya Jumapili, neno kwa neno, akikohoa pale Padri alipokohoa, na majirani waliitana waje wamsikie, wakacheka mpaka machozi. Jumapili iliyofuata alirudia tena, safari hii hawakucheka sana, na mama mmoja alimshauri mama yetu ampeleke mtoto akaombewe.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Kalehe mwezi wa Septemba 1962, na katika mwaka wa masomo 1964-1965 tulijikuta darasa moja, si kwamba yeye aliruka, ni mimi niliyerudia mwaka wa tatu, na sababu, wanafunzi wangu mlioko hapa msicheke, ilikuwa hesabu. Tarehe 3 Julai 1965 matokeo yalitangazwa uwanjani kama ilivyo desturi yetu, mkurugenzi wa shule akisoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kila anayeitwa akitoka mbele ya wazazi apigiwe makofi, na jina la kwanza likawa la Georgette, asilimia tisini na moja, langu likaja mbali kabisa, hamsini na nne. Watu walianza kupiga makofi, kisha wakamwangalia baba, na baba, ambaye ni mtu mwema na sijawahi kusema vingine, alikuwa ameweka mikono mgongoni akitazama ziwa, ndipo makofi yakafifia. Jirani mmoja akamwambia mbele yetu, “Zagabe, mutoto mwanamuke amepita kaka yake, sasa utafanya nini?” Mimi sikufika nyumbani, nilikata kwenye migomba nikaenda kwa nyanya yetu upande wa pili wa kilima, nikakaa huko siku tatu nikilia, na mama, aliyekuwa amechinja kuku kwa ajili ya Georgette, alimwona kuku huyo akilala chunguni bila kuguswa.

Mwaka uliofuata dada yangu alishuka, watu wakasema ndivyo akili za wasichana zilivyo, huwaka mapema na kuzimika mapema, na nyumba yetu ikarudi kuwa na amani, mimi nikaanza kupanda, hamsini na nane, sitini, na kuamini kwamba hatimaye nimeamka. Mwaka 1968 tulihamia hapa Bukavu, tukasoma sekondari ya mchanganyiko, sehemu ya math-fizika, na miaka hiyo ndiyo ninayoililia zaidi leo, tulivyokuwa tukishuka asubuhi kutoka Kadutu, sweta zimelowa ukungu, maua ya zambarau yameanguka njiani, ziwa likionekana na kupotea kila tulipokata kona. Baada ya kila mtihani, tukipanda kurudi, aliniuliza swali moja baada ya jingine, “Weye uliandika nini kwa question ya tatu? Na ya nne?” nami nilimweleza kwa majivuno, nikimsahihisha, nikimhurumia, naye aliitikia kwa kichwa na kusema, “Ah, njo vile.”

Mwezi wa Mei 1974 baba alituketisha mezani, akasema ana uwezo wa kusomesha mmoja tu chuo kikuu, na kwamba hataangalia nani mwanaume nani mwanamke, atakayetangulia kwa pointi katika mtihani wa serikali ndiye atakayekwenda, na nasema mbele yenu, kwa wakati ule na kwa baba wa wakati ule, hiyo ilikuwa haki kubwa. Nilipata sitini na moja. Georgette, ambaye cheti chake kiliandikwa Nabintu kwa ajili ya mambo ya authenticité, serikali ilipokataza majina ya Kizungu, jina ambalo nyumbani hatukulizoea, alipata sitini, akanifulia mashati, akanisindikiza hadi uwanja wa ndege, na nilipokuwa napanda ngazi nilimwona akipunga mkono kwa furaha ambayo sikuielewa.

Tarehe 2 Septemba 1974 alianza kazi ya kupiga mashine ya kuandikia katika ofisi ya kampuni moja ya chai hapa mjini, na huko alikaa miaka ishirini na saba. Wakubwa wanne walipandishwa cheo wakiwa mikononi mwake, kwa kuwa barua zao zilitoka kwake zikiwa na akili kuliko zilivyoingia, na ofisini watu walisema Georgette ana mkono wa bahati, hakuna aliyesema ana kichwa. Mkubwa wa tano aligundua kwamba ripoti yake ilikuwa imesahihishwa, hakumshukuru, alimhamishia chumba cha nyaraka chini ya ngazi, naye alikaa huko miaka sita, akajua kila karatasi ilipo, na hao hao waliomficha wakawa wanashuka kila siku kumwuliza.

Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa kanisani Kadutu na shemeji yangu Modeste Akonkwa, seremala, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Josué aliyezaliwa 1981 na Sagesse aliyezaliwa 1988. Modeste, kaka yangu, niruhusu niseme jambo lenu, kwamba wewe ulichonga ubao wa dama kwa mbao ngumu ya libuyu, vizibo vya bia vikawa vyako na vya soda vikawa vya mke wako, na kila jioni kwa miaka ishirini na tatu mkacheza, na kila jioni ukafungwa. Wanaume walikucheka, wakakuambia umbembeleze akuachie hata mara moja, nawe ulisimama barazani ukijibu kwa sauti ya mtaa wote, “Bibi yangu amenifunga tena leo, nyinyi benu banawafungaka?” Mimi pia nilicheka, nilidhani hujui kucheza, kumbe wewe ulikuwa mtu pekee duniani ambaye dada yangu hakumfichia kitu.

Kisha vita vikaja, vile vya 1996 na hivi vya tangu 1998 ambavyo hatujui mwisho wake. Jumanne tarehe 18 Mei 1999 mimi na yeye tulikuwa juu ya lori tukitoka Uvira kumzika shangazi, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha Sange, na wenye silaha wakaamuru ma-intellectuel washuke, kwa kuwa siku hizo aliyesoma alihesabiwa kuwa ndiye anayechochea raia, wawili wakashuka na kupelekwa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimepakata mkoba wa ngozi wenye kozi zangu zote za kufundishia. Mmoja wao aliugusa kwa mtutu, akauliza ni wa nani, na kabla sijameza mate Georgette aliangua kicheko kirefu cha kijinga ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake, akasema, “Sakoshi ni ya patron wake, papa, huyu anabebaka tu. Huyu intellectuel? Huyu ni kaka yangu, alirudilaka troisième primaire juu ya hesabu, alipata cinquante-quatre! Umuulize sept fois huit, utaona.” Wakaniuliza kweli saba mara nane ni ngapi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifungua kinywa niwape jibu, na si jibu tu, nilitaka kuwaambia kwa Kifaransa kizuri kwamba mimi ni licencié, mwenye shahada ya hesabu, maana kiburi changu kilikuwa karibu nami kuliko bunduki yao, ila kisigino cha dada yangu kilinikanyaga vidole, nikasema arobaini. Walicheka, wakapiga lori mgongoni, tukaondoka, na wale wawili hatukuwaona tena.

Badala ya kumshukuru nilimnunia wiki mbili, kwa sababu ya aibu aliyonitia mbele ya abiria.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo baba, aliyekuwa amerudi Kalehe kupumzika, alikimbilia kwa Georgette akiwa na sanduku la bati la karatasi za nyumbani, nami nikalifungua nikitafuta diploma yangu. Marehemu mama alikuwa amefunga bulletin zetu, ripoti za shule, mbili mbili kwa kamba, yangu juu, ya Georgette chini, kuanzia 1966. Hamsini na nane, hamsini na saba. Sitini, hamsini na tisa. Mwaka 1970 homa ya matumbo ilinilaza wakati wa mtihani nikaanguka hadi hamsini na moja, naye, mzima wa afya, akapata hamsini. Bulletin tisa zilikuwa hivyo, na mtihani wa serikali ulikuwa wa kumi, na mimi ninayelipwa kufundisha watu hesabu za uwezekano niliketi chini sakafuni. Mtu hawezi kukaa nyuma yangu kwa pointi moja mara kumi kwa kutojua, lazima awe anajua vyote, kisha awe anajua pia kila kitu ambacho mimi sikijui, ndipo katika mtihani wa mwisho aondoe pale panapohitaji kuondolewa.

Nilimkuta akichambua maharagi, nikaziweka bulletin mbele yake, akaziangalia, akacheka kicheko chake cha kweli. “Kupata mingi haikukuwa kazi,” alisema, “kazi ilikuwa kujua weye utapata ngapi. Na mu géographie ulinitesa, Venant, sababu hata weye mwenyewe haukujuaka utaandika nini.” Nilimwuliza kwa nini, nikamwuliza kuhusu 1974, kuhusu chuo kikuu kilichokuwa chake, akaendelea na maharagi, kisha akasema, “Ile siku ya nonante et un, weye ulienda kulia kwa koko, Papa akanyamaza, maman akapika kuku na hakuna mutu alikula. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaona bora nikae nyuma kidogo, batu bakule.” Niliona haya, bado naona haya, na yeye alinikataza kabisa kusema, ili baba asije akaumia.

Figo zilianza kumsumbua mwezi wa Januari 2002, akaacha kazi, akalazwa mara tatu. Tarehe 4 Julai mwaka huu Sagesse alimletea mama yake bulletin kitandani, asilimia sitini na nne, na Georgette aliishika muda mrefu, akamwuliza mtoto swali moja tu, “Hizi njo zako zote?” Sagesse aliangalia chini, na dada yangu aligeukia ukutani akalia, yeye ambaye hata sindano hazikumliza. Jioni hiyo aliniita, akaniambia, “Ile maneno, utasoma siku mutanizika. Papa asikie, Sagesse asikie. Mimi sitakuwa pale kuona sura yako.” Alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2002, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita na miezi minane, ubao wa dama ukiwa juu ya blanketi, mchezo haujaisha, na Modeste anasema yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa karibu kufungwa tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata siku ambazo dawa zilikuwa hazipiti barabarani, inawashukuru majirani wa Kadutu waliopika na kuteka maji tangu Alhamisi, inawashukuru wenzake wa ofisini, hata wale wa juu ya ngazi, Padri wetu na wanakwaya.

Sagesse, mtoto wa dada yangu, umesikia. Sisi tulimpenda mama yako kwa vile alivyojipunguza, tukaita hiyo tabia njema, wewe usitufanyie wema wa namna hiyo, lete zako zote, na akitokea mtu wa kukimbilia kwa nyanya yake, mwache alie siku tatu, atarudi akiwa na njaa.

Na wewe, baba, unisamehe kwa kukuambia haya mbele ya watu, ulikuwa na haki mwaka 1974, uliyoyajua yalikuwa yale yaliyoandikwa. Lakini mwaka 1965 pale uwanjani mikono yako ilibaki mgongoni, na dada yangu aliiona, na leo ninaomba kutangaza upya, kwa utaratibu ule ule tunaoujua sote, kuanzia juu, na kwa kuwa anayeitwa hawezi kutoka mbele, simameni nyinyi, na yule mwenye kupenda apige makofi, na wewe, baba, uanze.

Wa kwanza, M'Zagabe Georgette, kwa pointi zake zote.

Wa pili, Zagabe Venant.

Pumzika kwa amani, dada yangu, kuku ataliwa leo.