Isikeli Rokovada na Kijito cha Wailailai

Ndugu mliokaa mikekani, na ninyi mliosimama nje kwenye matope kwa kukosa nafasi, familia inawasomea maisha ya mzee Isikeli Rokovada kama yalivyokuwa, bila kuyapamba, maana mwenyewe alikuwa akisifiwa huinuka akaenda zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kisiwa cha Kadavu, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Aporosa na mama Laniana. Alianza shule ya kijijini mwaka 1967, kisha akaletwa hapa Suva kwa shangazi yake, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1978. Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa fundi bomba, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2016, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Mereoni, katika kanisa hilihili la Methodisti, wakajaliwa watoto watatu, Litia, Ponipate na Vasiti, na wajukuu wanne.

Baada ya kustaafu hakukaa barazani. Kijito cha Wailailai, kinachopita nyuma ya nyumba zetu, wakati ule kilikuwa jalala la majokofu mabovu, matairi na nepi, na mvua ikinyesha kilitutapikia yote mlangoni. Mwaka 2017 aliingia humo peke yake na jembe, watu wakamcheka, na jirani yetu Kamla akamwita kutoka upande wa pili wa ua, "Wewe Isikeli, umeoa mtaro?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Huyu angalau hanipigii kelele, dada." Wiki iliyofuata Kamla alishuka na reki yake, na baada yake wakashuka wengine, wenye asili ya visiwani na wenye asili ya India, wakapanda magimbi, mishelisheli na nyasi za kushika kingo, na kule chini maji yanakokutana na bahari wakarudisha mikoko, kaa nao wakarudi. Ofisi ya jiji, iliyokuwa ikitaka kupafanya maegesho ya magari, ilikubali kuwaachia wakazi eneo hilo, kwa sharti kwamba miezi mitatu isipite bila kazi kuonekana.

Mwezi Desemba uliopita mdogo wake, Savenaca, alishuka kutoka shambani akaomba viatu vya mpira vya kaka yake, na sote tunajua kwamba kwetu ndugu akiomba hanyimwi. Mereoni alisema, "Baba Litia, hivyo ndivyo pekee ulivyo navyo," marehemu akacheka, akasema, "Miguu yangu ilikuja kabla ya viatu." Tarehe 21 Januari, baada ya mafuriko, aliingia kijitoni peku kuzibua bomba kubwa lililozibwa na godoro, akiwa na jeraha kisiginoni. Baada ya wiki moja alishikwa na homa na maumivu ya misuli ya miguu, akadhani ni mafua, akanywa chai ya majani ya mlimau na kulala. Macho yalipokuwa ya manjano ndipo alipokubali kupelekwa hospitali, na madaktari wakaeleza kwamba ni homa iletwayo na mkojo wa panya, ambayo huingia mwilini kwa njia ya maji machafu. Figo zilikuwa zimeshashindwa. Alifariki alfajiri ya tarehe 4 Februari, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mereoni.

Familia inasema mbele yenu wote kwamba Savenaca hana kosa. Aliomba kama ndugu, akapewa kama ndugu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, mafundi bomba wenzake waliochimba kaburi, na majirani waliopika kwa zamu tangu msiba ulipotufika.

Limebaki jambo moja. Desturi yetu ya Kadavu ni kwamba mtu akifa, sehemu ya bahari huwekewa mwiko, na hakuna anayevua humo hadi usiku wa mia. Wazee walitaka Wailailai ifungwe vivyo hivyo, asiingie mtu, lakini usiku mia ni zaidi ya miezi mitatu, na ofisi ya jiji ingepachukua; Kamla akasimama katikati ya kikao akilia, akasema, "Mkikifunga kijito chake, mtakuwa mmemzika mara mbili." Wazee wakakubali. Basi kuanzia leo mwiko ni wa kuchukua tu: hakuna kung'oa gimbi, hakuna kukamata kaa, hakuna kukata mkoko. Kupanda, kupalilia na kuzoa taka kutaendelea kila Jumamosi, na anayeingia majini aingie amevaa viatu.

Vile vya marehemu vimerudi. Savenaca ameviosha mwenyewe, viko pale mlangoni, na Mereoni amemwomba awe wa kwanza kuvivaa Jumamosi hii, naye ameitikia.

Isikeli, pumzika kwa amani. Bomba limezibuka, maji yanapita.