Kilichoandikwa Juu ya Bahasha

Tramu ilikwama kabla ya kituo cha Plainpalais, na hapa Geneva tramu ikichelewa dakika tatu hata wasiojuana husemezana. Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa akimtambia mzee wa pembeni yake: amemwandikia mwandishi wa gazeti jinsi karakana ya saa anakofanya kazi inavyomwaga sumu mtoni. "Kwa barua pepe ya siri, mzee. Hata wenye huduma hawawezi kuisoma." Siri hiyo sasa tulikuwa nayo watu kumi na mmoja.

"Ndani hawasomi," alikubali mzee. "Mimi nimegawa barua miaka thelathini, mama, sikufungua hata moja. Lakini nani anamwandikia nani, nilijua mtaa mzima kwa kutazama bahasha tu. Barua pepe nayo ina bahasha yake; hakimu akiitaka, wenye huduma wataitoa."

"Waitoe! Mambo yenyewe yako ndani."

"Na kichwa cha barua, ule mstari wa mada? Hicho nacho kiko juu ya bahasha. Uliandika nini pale?"

"Jina langu na idara yangu. Sasa utamwandikiaje mtu asiyekujua bila kujitambulisha? Si utovu wa adabu huo?"

"Bora ungekosa adabu, mama."

Tramu ikaanza kusogea. Mama alimgeukia mzee kwa mwili wote. "Hebu niambie, enzi zako posta, barua ikishatumbukizwa sandukuni, mwenyewe aliweza kuirudisha?"

Mzee akafungua kinywa. Mlango nao ukafunguka, na hicho kilikuwa kituo changu.