Santigie Kabia na Alama Iliyozama

Wasikilizaji wapendwa, mvua mnayoisikia nyuma ya sauti yangu inapiga paa la studio tangu alfajiri. Mzee tunayemkumbuka mchana huu aliiogopa mvua ya Agosti, wala hakuona haya kulisema hilo.

Mzee huyo ni Santigie Kabia, aliyekuwa ofisa wa kwanza wa meli. Alifariki Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake Kissy, hapa Freetown, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Tulimzika Jumanne. Kuna jambo moja ninaloomba mlishike, nami nitalirudia: Santigie Kabia ndiye aliyekuwa wa kwanza kukata kamba za mzigo.

Turudi nyuma miaka arobaini na mitatu. Nchi tatu, yaani Sierra Leone yetu, Gambia na Ghana, zilikuwa zimeungana kununua meli moja. Zilichoka kusubiri meli za watu wa mbali zije kubeba kola yetu, zile kokwa chungu za kutafuna, hadi Banjul kule Gambia, safari ya siku mbili tu. Meli ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa yetu. Nahodha alikuwa Mgambia, Ousman Jatta. Fundi mkuu wa mitambo alikuwa Mghana, Kobina Essuman. Aliyesimamia upakiaji alikuwa Kabia.

Mkataba ulikuwa wazi. Kila nchi ilipata theluthi ya shehena. Kila nchi ilikuwa na ofisa wake melini wa kuilinda theluthi hiyo, na mzigo wa nchi haukuguswa bila idhini yake. Ulikuwa mkataba wa haki. Hatari iliingia kupitia haki hiyohiyo.

Agosti ile, hapa Freetown, wakala wa Gambia aliongeza mabati kidogo. Wakala wa Ghana akasema, kama ni hivyo, na yeye ana mbao zilizobaki. Wakala wetu akaleta makapu ya kola. Yakaja mabati tena, kisha mbao, kisha kola. Hakuna aliyetaka kurudi kwao na theluthi pungufu.

Ubavuni mwa meli mmechorwa alama: duara lililokatwa na mstari. Maji hayapaswi kuupita mstari huo. Kabia aliinama ukingoni mwa gati akatazama. Mstari ulikuwa chini ya maji, vidole vinne.

Akatia saini.

Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akanijibu: "Niliogopa watu kabla ya kuogopa maji. Ningemwambia nani ashushe? Mghana? Angesema namdharau. Mgambia naye vilevile. Watu wetu? Wangesema nimehongwa."

Makapu themanini ya kola ile yalikuwa ya dada yake mdogo, Yabom. Kila kapu lilifungwa kitambaa chekundu, ili lijulikane huko Banjul.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, upepo ulikuja na mvua nzito. Meli ililala upande wa kushoto. Meli ikilala, huinuka. Hii haikuinuka. Sufuria ya kisamvu iliteleza jikoni ikagonga ukuta, ikabaki imeegemea hapohapo. Maji yalianza kupenya kwenye mfuniko wa ngama, tumbo la meli linalobeba mizigo. Melini mlikuwa na watu ishirini na saba.

Mzigo wa sitaha ulipaswa kutupwa baharini. Wote walilijua hilo. Fundi Essuman, tuliyempata kwa simu mjini Sekondi, Ghana, anasimulia: "Nahodha alimtazama Kabia. Kabia akanitazama mimi. Nikasema, 'Mabati ya Gambia ndiyo yaliyo juu.' Jatta akasema, 'Bwana, mbao zako ndizo nzito.' Yaani tunazama huku tunapimana. Kila mmoja anawaza atawaambia nini kwao."

Anaendelea: "Kabia alikuwa anatetemeka. Nikamwambia, 'Kabia, tulia, utaipindua meli peke yako.' Hakucheka. Alichukua shoka."

Alitambaa kwa magoti juu ya sitaha iliyoinama. Hakwenda kwenye mabati, wala hakwenda kwenye mbao. Alikwenda kwenye kola, akakata kamba. Makapu yaliporomoka, na vile vitambaa vyekundu vikazama kimoja baada ya kingine. Narudia, wasikilizaji: alianza na mzigo wa kwao, na ndani yake ulikuwamo wa dada yake.

Baada ya hapo Essuman alikata kamba za mbao zake bila kuambiwa. Nahodha Jatta akafuata na mabati. Meli iliinuka polepole. Watu wote ishirini na saba walifika Banjul.

Nyumbani, wakubwa wa kampuni walimuuliza swali moja: kwa nini ulianza na mzigo wetu? Alistaafu bila kupewa unahodha. Yabom naye alikuja Kissy na swali lake. Isatu, binti wa marehemu, alikuwa na miaka tisa, na anayakumbuka maneno yake.

"Shangazi alisimama mlangoni, hakukubali kukaa. Akasema, 'Kaka, bahari nzima ile, hukuona mali ya mtu mwingine ila ya Yabom?' Baba akamwambia, 'Ya wengine haikuwa yangu kuikata.' Shangazi akasema, 'Basi nawe si wangu.' Akaondoka. Hakusema naye kwa miaka kumi na mmoja."

Hofu haikumtoka. Isatu anasema mvua ilipoanza tu, baba yake aliweka glasi ya maji mezani, akaikodolea macho aone kama nyumba imelala upande.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua kuwa nchi zilezile tatu zimeungana tena mwaka huu, na kwamba meli yao mpya iko gatini. Imepakiwa wiki nzima. Jumapili, akiwa kitandani, Mzee Kabia alimwita binti yake.

"Isatu, nenda katazame alama."

"Wanasema iko sawa, baba."

"Wanasema, au umeiona?"

Isatu alikwenda. Mstari ulikuwa chini ya maji, vidole vitatu. Alirudi akamwambia. Baba yake alifumba macho, akauliza, "Nani ataanza?" Kesho yake alifariki.

Yabom sasa ana miaka sabini na minne. Alikuwa na makapu arobaini ya kola katika meli hiyo. Jumanne aliwagawia waombolezaji kola kwa mkono wake, kisha akaenda gatini na nguo za msiba. Isatu alifuatana naye.

"Mwanangu," Yabom alimwambia msimamizi wa upakiaji, "nishushie makapu yangu."

"Mama, yako katikati ya mizigo ya watu. Unataka tupange upya meli nzima?"

"Anzeni. Sina haraka, mimi nimefiwa tu."

Msimamizi alicheka. Yabom hakucheka. Alisimama kwenye mvua hadi kapu la arobaini liliposhuka.

Kwa Isatu, kwa Mama Yabom na kwa ukoo wote wa Kabia, tunatoa pole. Mungu amlaze mahali pema, mahali pasipoyumba. Na wewe mwenye mzigo ndani ya meli ile, wa nchi yoyote kati ya hizo tatu, usingoje jirani yako atangulie. Tafakari ungali nchi kavu.

Leo ni Alhamisi, saa nane mchana. Meli inaondoka saa kumi. Nilipita gatini kabla ya kuingia studio. Makapu arobaini yamefunikwa turubai, kila moja na kitambaa chake chekundu. Hakuna mzigo mwingine ulioshuka. Niliinama ukingoni, nikatazama ubavuni mwa meli kwa muda mrefu.

Mstari sikuuona.